Chuo Kikuu cha Egerton na Lugha Zake: Kutoka Shule ya Masetla hadi Chuo cha Umma

1. Utangulizi

Historia za vyuo vikuu vyetu aghalabu huandikwa kwa kufuata hati. Mwandishi hutaja sheria iliyopitishwa mwaka fulani, jina lililobadilishwa mwaka mwingine, jengo lililofunguliwa na mkuu wa nchi, na orodha ya waliokikalia kiti cha makamu wa mkuu wa chuo. Historia ya namna hiyo ina manufaa yake wala hatukusudii kuibeza. Walakini, ina upungufu mmoja ambao mwanafunzi wa lugha hawezi kuufumbia macho: haitwambii watu wa chuo walisemezana kwa lugha gani, nani alimwamuru nani, na nani alipewa nafasi ya kujibu.

Katika makala haya tunakusudia kuitazama historia ya Chuo Kikuu cha Egerton, kilichoko Njoro karibu na Nakuru, kwa jicho hilo la lugha. Tumekichagua chuo hiki kwa sababu mbili. Kwanza, asili yake ni ya zamani kuliko ile ya vyuo vikuu vyetu vingi, kwani shule iliyokizaa ilianzishwa mwaka 1939. Pili, kilianza kama chuo cha kilimo, na kilimo ni kazi inayomlazimu aliyesoma kuzungumza kila siku na asiyesoma. Mwanasheria aweza kujificha nyuma ya lugha yake, na daktari vivyo hivyo. Bwana shamba hawezi, maana mahindi ya mtu yakikauka hakuna istilahi itakayoyafunika.

Dai letu ni hili. Egerton kimebadilika jina, kimebadilika wenyewe, na wanafunzi wake wamebadilika rangi na asili. Lakini mpaka uliochorwa siku za kwanza kati ya lugha ya maarifa na lugha ya kazi haujafutwa bado. Kiingereza kilikaa darasani, Kiswahili kikakaa shambani, na kazi ya kuuvuka mpaka huo wakaachiwa watu ambao hawakufundishwa kuuvuka.

2. Ardhi na mwanzo wa shule

Njoro iko katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Asubuhi zake ni za baridi na ukungu, na udongo wake hukubali ngano, shayiri, pareto na malisho ya ng'ombe wa maziwa. Jina lenyewe hunasibishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya chemchemi. Unasibisho huo una mantiki yake, kwa kuwa kabla ya kuja kwa reli na mashamba makubwa nchi hii ilikuwa malisho ya Wamaasai. Kwa mkataba wa mwaka 1904 Wamaasai waliondolewa katika sehemu hizi za Bonde la Ufa, na ardhi ikagawiwa walowezi wa Kizungu. Miongoni mwa wa kwanza kufika Njoro alikuwa Lord Delamere, aliyejaribu kulima ngano hapo mwanzoni mwa karne ya 20, akaishia kuanzisha kampuni ya kusaga nafaka iliyopewa jina la Kiswahili, Unga. Tangu mapema, basi, Kiswahili kilikuwa kimeingia katika biashara ya masetla, ijapokuwa hakikuingia kama lugha ya kufikiria.

Maurice Egerton, aliyekuwa na cheo cha Lord Egerton wa Tatton, alikuja kuweka makao Kenya katika miaka ya 1920. Mwaka 1939 alitoa ekari 740 za ardhi ili ijengwe shule ya kilimo, nayo ikaitwa Shule ya Kilimo ya Egerton. Lengo la shule lilikuwa wazi: kuwaandaa vijana wa Kizungu kwa kazi ya ukulima katika koloni. Yafaa msomaji akumbuke kwamba mwaka huohuo wa 1939 ndipo serikali ya Uingereza ilipotoa amri iliyoweka rasmi mipaka ya nyanda zilizotengewa Wazungu. Matukio hayo mawili ni pande mbili za shilingi moja: amri iliwapa masetla uhakika wa ardhi, na shule ikakusudia kuwapa watoto wao ujuzi wa kuitumia.

Lakini ardhi hailimwi na mwenye hati peke yake. Mashamba ya Njoro, kama yale ya Molo, Elburgon na Rongai, yalitegemea nguvu za Waafrika waliokaa humo na familia zao, wakiruhusiwa kulima vipande na kufuga mifugo michache kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Sheria ya mwaka 1918 iliwataka wafanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Sheria ya mwaka 1937 ikawapa walowezi uwezo wa kuziongeza hadi 270. Wengi wa watu hao katika Bonde la Ufa walikuwa Wakikuyu, lakini walikuwako pia Wakalenjin, Waluo, Waluhya na wengineo. Kijana wa Kizungu aliyehitimu Njoro alikuwa akienda kuwasimamia watu wa makabila mengi kwa wakati mmoja. Lugha ya kuwasimamia ilikuwa Kiswahili, au tuseme, Kiswahili cha namna fulani.

3. Kisetla na sarufi ya amri

Wataalamu wa lugha wamekwisha kukipa Kiswahili hicho jina: Kisetla. Kwa kawaida hutajwa kwa mzaha au kwa kebehi, kana kwamba ni kosa la ulimi tu. Sisi tunaona kwamba chastahili kuchunguzwa kwa makini zaidi, kwa sababu sarufi yake ni kioo cha maisha ya shamba.

Jambo la kwanza linaloonekana ni kuporomoka kwa upatanisho wa majina. Ng'ombe, watu, visu na siku zote huhesabiwa kwa namna moja: ng'ombe mbili, mtu mbili, kisu mbili, siku mbili. Pili, ukanushaji wote hubebwa na neno moja, yaani hapana. Mahali ambapo mtu wa pwani angesema sitaki, hawajaja au usiende, Kisetla husema hapana taka, hapana kuja, hapana kwenda. Tatu, kitenzi iko hufanya kazi za umiliki, mahali na hali kwa pamoja, kiasi cha mtu kusema mimi iko na kazi. Nne, na hili ndilo kubwa kwa hoja yetu, njia ya amri tupu huchukua nafasi ya njia ya ombi. Mswahili hutofautisha leta na ulete, na kati ya hayo mawili pana adabu nzima ya kuishi na watu. Katika Kisetla, ulete halina kazi. Aliye juu huitwa bwana au memsahib, aliye chini huitwa boi hata akiwa na mvi, na kati yao hupita amri na jibu la ndiyo.

Mwaka 1936 kilichapishwa kitabu cha F. H. Le Breton kiitwacho Up-country Swahili, kilichokusudiwa askari, msetla, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Itakumbukwa kwamba kufikia wakati huo kazi ya kukisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja ilikuwa imekwisha kuanza. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilikuwa imeundwa mwaka 1930. Kwa hiyo, katika muongo mmoja palikuwa na mikondo miwili: mmoja ulikuwa ukikijenga Kiswahili cha vitabu na shule, wa pili ulikuwa ukikipunguza Kiswahili hadi kiasi kinachotosha kumwendesha mfanyakazi. Shule ya Njoro iliasisiwa katika nchi iliyotawaliwa na mkondo huo wa pili.

Msamiati uliobaki katika kumbukumbu za watu wa mashamba hayo wasimulia habari yenyewe. Kipande, neno ambalo asili yake ni sehemu ya kitu, likawa cheti ambacho kila mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea nacho, kikining'inia shingoni. Posho ikawa mgawo wa unga uliokuwa sehemu ya ujira. Nyapara akawa msimamizi aliyesimama kati ya bwana na vibarua, na mara nyingi ndiye aliyekuwa mkalimani. Ni maneno ya Kiswahili, lakini kila moja lilikuwa limekunjwa likatoshea matumizi ya shamba.

Pamoja na hayo yote, haitakuwa haki kuishia hapo. Vibarua hawakukitumia Kiswahili kwa bwana tu. Walikitumia wao kwa wao, kambini jioni, sokoni, na katika ndoa za watu wa makabila mbalimbali. Humo lugha ilirudishiwa baadhi ya vile ilivyonyang'anywa: ombi, utani, methali na majina ya heshima. Mzee aliyeitwa boi mchana aliitwa baba au mzee usiku. Kiswahili cha bara kina mama wawili, na ni kosa kumtazama mmoja tu.

4. Kufunguliwa kwa milango

Mwaka 1950 shule ilipandishwa daraja ikawa chuo, ikitoa cheti cha mwaka mmoja na diploma ya miaka miwili. Mwaka 1955 ikachukua jina la Chuo cha Kilimo cha Egerton. Nje ya uzio wake mambo yalikuwa yamechafuka: hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952, na maelfu ya Wakikuyu waliokuwa wakikaa katika mashamba ya Bonde la Ufa walifukuzwa na kurudishwa Mkoa wa Kati. Mwaka 1954 ulitangazwa Mpango wa Swynnerton wa kuendeleza kilimo cha Waafrika. Ghafula serikali ilihitaji maafisa wengi wa kilimo watakaokwenda kwa wakulima wadogo, na chuo kilichokuwa cha watoto wa masetla peke yao kikaanza kuonekana kuwa anasa isiyo na maana.

Lord Egerton alifariki mwaka 1958 baada ya kukiongezea chuo ekari nyingine 1,100. Alikuwa pia amejijengea kasri huko Ngata, kati ya Nakuru na Njoro, kazi iliyoanza mwaka 1938 na kumalizika mwaka 1954. Kasri hilo sasa ni mali ya chuo kikuu na huwavutia wageni wengi. Kisa kinachosimuliwa sana hapo ni cha bwana aliyekataliwa na mwanamke, akaapa kutomruhusu mwanamke yeyote kuingia kwake. Kisa hicho kina ladha, lakini ladha yake imeyafunika masimulizi mengine. Waliochonga mawe na waliokoroga saruji hawana kisa kinachosimuliwa, ingawa ni wazazi na mababu wa watu wanaoishi jirani.

Muda mfupi baada ya kifo chake chuo kiliwafungulia milango watu wa rangi zote, kutoka Kenya na nchi nyingine za Afrika. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, Egerton kilikuwa tayari kuwa kiwanda cha maafisa wa kilimo wa taifa jipya. Dkt. William Odongo Omamo alikuwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza, kabla ya kuingia Bungeni mwaka 1969 na baadaye kuwa waziri. Wakati huohuo mpango wa kuwagawia Waafrika ekari milioni moja za mashamba ya masetla ulikuwa umeanza tangu mwaka 1962, na makumi ya maelfu ya jamaa walikuwa wakihamia katika vipande vyao vipya. Watu hao walihitaji kujua habari za mbegu, josho, mbolea na uzazi wa ng'ombe wa gredi. Aliyetumwa kuwaeleza ni mwenye diploma ya Egerton.

Hapa ndipo tunapofikia kiini cha habari. Afisa huyo alifundishwa yote kwa Kiingereza. Majina ya magonjwa, ya wadudu, ya dawa na ya aina za udongo aliyapata kwa Kiingereza au kwa Kilatini. Kisha akapelekwa kwenye baraza ya chifu, mbele ya watu mia waliokaa nyasini, baadhi yao wakiwa ni walewale waliokuwa vibarua wa mashamba hayo, naye akatakiwa kusema. Alifasiri papo kwa papo. Alibuni maneno, akaazima ya lugha ya mama, akatumia ishara za mikono. Mmoja alisema kutu, mwingine akasema ugonjwa wa majani. Mmoja alisema dipu, mwingine josho. Kazi ngumu kabisa ya kilimo cha Kenya huru, ile ya kuyahamisha maarifa kutoka lugha moja kwenda nyingine, ilifanywa kila wiki katika kila tarafa na maelfu ya vijana, na chuo kilichowatuma hakikuwafundisha kuifanya wala hakikuandika walichokigundua. Walipostaafu waliondoka na kamusi yao kichwani.

Milango ya rangi, basi, ilifunguliwa. Ule wa lugha ulibaki umerudishwa nusu. Nyapara mkalimani wa zamani alikuwa amevaa tai na kupewa pikipiki ya serikali, lakini nafasi yake kati ya anayejua na anayelima ilikuwa ileile.

5. Chuo kikuu na ujio wa Kiswahili darasani

Kuanzia mwaka 1979 serikali ya Kenya, kwa msaada wa fedha za Marekani, ilikipanua chuo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1986 Egerton kilifanywa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1987 Bunge likapitisha sheria ya kukifanya chuo kikuu kamili, Profesa Richard Musangi akiwa makamu wa kwanza wa mkuu wa chuo.

Mageuzi hayo hayawezi kuelezwa pasi na kutaja kazi ya Tume ya Mackay iliyotoa ripoti yake mwaka 1981. Tume hiyo ilipendekeza kuundwa kwa chuo kikuu cha pili, ambacho kilianzishwa mwaka 1984 karibu na Eldoret, na pia ilipendekeza mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Kwa wapenzi wa Kiswahili, faida ya mfumo huo ilikuwa moja na kubwa: Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Kabla ya hapo Kiswahili kilikuwa lugha ya taifa kwa tamko, hasa tangu mwaka 1974, huku mtoto akiweza kumaliza shule bila ya kuulizwa swali hata moja la lugha hiyo katika mtihani wa mwisho.

Mwaka 1989 ulifanywa mtihani wa kwanza wa sekondari wa mfumo mpya, na mwaka 1990 vyuo vikuu vikapokea makundi mawili kwa pamoja: waliomaliza kidato cha sita cha mfumo wa zamani na waliomaliza kidato cha nne cha mfumo mpya. Waandishi wengi wameueleza mwaka huo kwa habari za msongamano, vitanda vilivyopungua na mihadhara iliyosikilizwa madirishani. Mabadiliko ya lugha hawakuyaona. Kuanzia kundi hilo la 8-4-4, kila kijana wa Kenya aliyeingia Njoro kusomea udongo, mifugo au mashine alikuwa amesoma Kiswahili shuleni na kufanyiwa mtihani wa insha, sarufi na fasihi. Chuo kilipokea hazina ambayo hakuna mtangulizi wake aliyewahi kuipokea. Je, kiliitumia?

Kwa upande mmoja, ndiyo. Chuo kilipopanuka kikaingiza elimu na sanaa, Kiswahili kilipata idara ya kukifundisha, na hivi sasa walimu wa Kiswahili waliosomea Njoro wanafundisha kote nchini. Katika darasa la Kiswahili mhadhiri hufundisha kwa Kiswahili, mwanafunzi huandika tasnifu kwa Kiswahili, na wawili hao hubishana kwa Kiswahili juu ya nadharia. Katika ardhi ambayo lugha hii iliwahi kupunguzwa ikabaki leta na hapana, hilo si jambo dogo. Kwa upande mwingine, darasa hilo lilikuwa kama chumba kimoja chenye taa katika nyumba kubwa. Ng'ambo ya ukuta, katika vitivo vya kilimo, hakuna kilichobadilika. Mtaala wa elimu ya kilimo na ugani, ulioundwa mahususi kwa ajili ya kumfikia mkulima, uliendelea kufundishwa katika lugha ambayo mkulima haitumii.

6. Maisha ya chuoni

Mwenye kutaka kujua lugha za kampasi na asikilize sauti zake kwa siku moja. Mihadhara ni kwa Kiingereza. Mhadhiri akitoka mlangoni, Kiingereza hutoka naye, au hubaki kwa wale wachache wanaokipenda. Kwenye foleni ya chakula, katika mabweni, na katika vyumba vya kupanga vya Njokerio ambako wanafunzi wengi huishi kwa kukosa nafasi ndani ya chuo, lugha ni Kiswahili na Sheng. Mwenye duka huulizwa bei kwa Kiswahili, na mwenye nyumba huombwa subira ya kodi kwa Kiswahili kilichosafishwa kuliko kawaida, kwa maana mwenye deni huchagua maneno.

Kampasi imejitungia msamiati wake, kama ilivyo katika vyuo vingine vya Kenya. Wanafunzi huitana makomredi. Fedha za mkopo huitwa bumu, na siku ya kutoka kwake hujulikana kwa harufu ya nyama ya kuchoma. Mkutano wa dharura wa wanafunzi huitwa kamukunji, kwa kukumbuka uwanja wa Nairobi uliobeba mikutano mingi ya kudai uhuru na baadaye ya kudai demokrasia. Katika kamukunji, msemaji anayetaka kuungwa mkono huanza kwa Kiingereza cha katiba ya chama, lakini hoja inapopamba moto huteremka kwenye Kiswahili, na hapo ndipo makofi hupatikana. Wenye kuongoza wanafahamu jambo hili tangu zamani: Kiingereza huonyesha kwamba umesoma, Kiswahili huonyesha kwamba uko pamoja nasi.

Mambo yaliyozungumzwa katika mikutano hiyo ni historia ya nchi kwa ufupi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianzisha uchangiaji wa gharama, mwanafunzi akaanza kulipa sehemu ya karo na kununua chakula chake mwenyewe; mwaka 1995 ikaundwa bodi ya mikopo. Baadaye zikaja programu za wanaojilipia, kisha matawi. Matawi yaliyokuwa ya Egerton huko Laikipia, Kisii na Chuka yakawa vyuo vikuu kamili mwaka 2013. Kwa miaka ya karibuni madeni ya vyuo vya umma na migomo ya wahadhiri kudai malipo imekuwa habari ya kawaida, na mfumo mpya wa ufadhili ulioanza mwaka 2023 uliwatia wazazi wengi wasiwasi. Katika hali kama hizo masomo ya lugha huwa ya kwanza kuulizwa yana faida gani.

Liko jambo jingine ambalo halina budi kutajwa. Sehemu za Njoro na Molo zilikumbwa na mapigano ya kikabila mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tena baada ya uchaguzi wa mwaka 1997 na ule wa mwaka 2007. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, na maelfu wakakimbia makwao. Katika siku kama hizo lugha ya mama, ambayo ni fahari ya mtu, hugeuka kuwa alama ya kumtambulisha kwa anayemwinda. Chuo kilicho katikati ya nchi ya namna hiyo, kikikusanya vijana wa kila kabila katika bweni moja, kinahitaji lugha isiyomuuliza mtu baba yake ni nani. Kiswahili kimeifanya kazi hiyo kimyakimya. Si muujiza, wala hakikuzuia damu kumwagika. Walakini asiyekijua angekuwa na hofu zaidi.

7. Hoja za wapinzani

Wako watakaosema kwamba mpaka tunaoulalamikia ni wa lazima. Sayansi ya kilimo, watasema, iko katika Kiingereza. Mhitimu wetu hushindana na wa nchi nyingine. Na Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Wataongeza kwamba hata Tanzania, ambako Kiswahili kimepewa nafasi kubwa zaidi, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984 hufundisha kwa Kiingereza.

Hoja hizi hatuzidharau. Hatupendekezi kwamba kesho mihadhara yote igeuzwe. Tunauliza tu swali la mkulima. Jirani na chuo hiki, katika kituo cha utafiti cha Njoro, wataalamu kutoka nchi nyingi wamekuwa tangu mwaka 2005 wakizipima mbegu za ngano dhidi ya kutu ya shina ya aina iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, ugonjwa uliotishia ngano ya ulimwengu mzima. Ndani ya kampasi unapita Mto Njoro, unaotoka msitu wa Mau na kumwagika katika Ziwa Nakuru, na wahadhiri wa Egerton wameuchunguza mto huo kwa miaka mingi: kina chake, uchafu wake, na madhara ya kukatwa kwa misitu. Maandishi yao husomwa na wataalamu wa Ulaya na Marekani. Mama anayechota maji ya mto huo kwa mtungi, na kijana anayenyweshea ng'ombe humo, hawayasomi. Kama istilahi hazitoshi, basi hazitatosha daima ikiwa wenye kuzihitaji hawakutanishwi na wenye uwezo wa kuziunda. Istilahi huzaliwa katika matumizi. Yule bwana shamba wa mwaka 1965 hakungoja kamati, alisema, akaeleweka.

Aidha, sheria iko upande wetu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Chuo cha umma kinachoendeshwa kwa fedha za wananchi hakiwezi kudai kwamba kifungu hicho kinawahusu walimu wa fasihi peke yao.

8. Tamati

Tumejaribu kuonyesha kwamba historia ya Egerton ni pia historia ya namna watu walivyosemezana katika ardhi moja: kwanza kwa amri, kisha kwa tafsiri isiyoandikwa, na sasa kwa Kiswahili kamili katika chumba kimoja na kwa ukimya katika vingine. Mambo matatu yanaweza kufanywa, na hakuna hata moja linalohitaji fedha nyingi. Kila tasnifu ya kilimo na iambatanishwe na ikisiri ya Kiswahili ambayo mkulima aliyemaliza shule ya msingi anaweza kuifahamu, na mwanafunzi atahiniwe kwayo. Wanafunzi wa ugani na wale wa Kiswahili wasome pamoja kozi moja ya tafsiri, ili ile kazi iliyoachiwa bahati ifanywe kwa elimu. Tatu, na hili lina haraka kuliko yote, masimulizi ya maafisa waliostaafu na ya wafanyakazi wa zamani wa shamba la chuo yarekodiwe. Maneno waliyoyabuni kwenye mabaraza, na yale waliyoyarithi kutoka kambi za vibarua, yako katika vichwa vya wazee, na wazee hawatungojei.

Jina la Egerton litabaki langoni, na hatuoni sababu ya kuligombania. Ekari 1,840 alizozitoa mwenye jina hilo zimekwisha kuwa za umma. Kilichosalia kuwa cha umma ni maarifa yanayozalishwa juu yake, na hayo hayatakuwa ya umma hadi umma utakapoweza kuyasoma, kuyapinga na kuyajibu.